Ufuasi ni wa Kila Siku: Desemba Itakukuta na Nini?



Kijana mwenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo tunalolisikia karibu kila Jumapili lakini mara chache tunakaa chini kulitafakari: kuwa mfuasi wa Kristo. Siyo kubatizwa tu, siyo kuvaa rozari shingoni tu. Kuwa mfuasi.

Somo letu ni Injili ya Marko, sura ya 8, aya ya 22 hadi 26. Chukua Biblia yako, soma taratibu, kisha turudi hapa.

Umesoma? Basi. Yesu yuko Bethsaida, analetewa kipofu. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamuuliza kama anaona kitu. Yule ndugu anajibu bila kuficha: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Yesu hamkaripii. Hamwambii imani yake ni ndogo. Anamwekea mikono mara ya pili, na sasa anaona kila kitu sawasawa.

Hebu jiulize, Yesu alishindwa kumponya mara moja? Hapana. Sura mbili mbele anamponya Bartimayo kwa neno tu. Hapa amechagua kwenda kwa hatua. Na ukiendelea na sura hiyohiyo ya 8 utaona sababu: Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, vizuri kabisa, lakini muda mfupi baadaye anamvuta Yesu pembeni na kumkemea kwa sababu amesema atateswa. Petro naye alikuwa ameona nusu. Alihitaji mkono wa Yesu mara ya pili, ya tatu, na nyingine nyingi.

Ndivyo ulivyo ufuasi. Mungu anatuponya macho taratibu, siku baada ya siku, katika maisha yetu haya haya ya kawaida.

Tunaona, lakini nusu

Mimi ni mtoto wa Kikurya, nimezaliwa na kukulia Tarime, na upande wa mama ndugu zangu wako Mugumu, Serengeti. Naipenda kwetu. Napenda ugali wa ulezi, napenda sauti ya litungu, napenda namna mgeni anavyopokelewa hata kama nyumbani hamna kitu. Kwa hiyo ninayosema hapa siyasemi kama mtu wa mjini aliyekuja kutucheka.

Kipofu wa Bethsaida aliona watu kama miti. Sisi je? Tuseme ukweli: wengi wetu tumebatizwa, tumepata Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, tunaimba kwaya, lakini tukimwangalia msichana bado tunaona ng'ombe wanaotembea. Ng'ombe wa mahari. Anafika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, ukoo unaanza kuhesabu. Na ili thamani yake isishuke, anapelekwa kwa ngariba.

Sheria ya nchi yetu imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Karibu mmoja kati ya watatu! Na miongoni mwa familia zinazofanya hivyo zimo zinazosali. Baba anapokea Ekaristi Jumapili, na Desemba shule zikifungwa anasema mila ni mila.

Siwahukumu. Wazazi wetu wameona nusu, na sisi vijana tumeona nusu. Tofauti ni kwamba sisi bado tuna muda mrefu wa kuguswa macho mara ya pili, tukitaka.

Desemba haitengenezi mfuasi

Wengi tunadhani kwamba siku ya jaribu ikifika, Roho Mtakatifu atashuka ghafla na tutakuwa mashujaa. "Mimi bwana, siku wakija kumchukua mdogo wangu, hapatatosha!" Nimesikia maneno hayo kijiweni mara nyingi. Desemba inafika, wazee wa mila wametangaza, ngoma ziko barabarani, vijana wamejipaka unga wanacheza, na yule aliyeapa yuko katikati yao anacheza pia.

Mmewahi kuona nyumbu wakivuka Mto Mara? Wanakusanyika ukingoni, wanaogopa, wanarudi nyuma, wanasogea tena. Akiruka mmoja, wote wanaruka. Hata mahali penye mamba, hata mahali penye mwinuko wa mawe. Hakuna anayeuliza. Ndivyo mkumbo unavyofanya kazi, na hautakusubiri utafakari ukiwa umeshafika ukingoni. Kama hukujifunza kusimama peke yako katika mambo madogo kuanzia Februari, Machi, Aprili, usitegemee kwamba miguu yako itasimama Desemba.

Desemba haikutengenezi. Desemba inaonyesha tu kile ambacho miezi mingine kumi na moja imekitengeneza ndani yako.

Wakulima wa kahawa huku milimani Tarime wanalijua hili kuliko mimi. Mche unaupanda leo, unapalilia, unaweka samadi, unangoja kama miaka mitatu ndipo uanze kuchuma. Hakuna mtu anayeenda shambani mwezi wa pili akaanza kulia kwamba mche hauzai. Kwa nini basi mambo ya roho tunayataka kwa siku moja, kwa mkesha mmoja, kwa semina moja?

Kanisa halikuwa na haraka

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walipokuja huku kwetu walikuja na utaratibu wa mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: mtu hakubatizwa kabla ya kumaliza miaka minne ya kujiandaa. Miaka minne! Si kwa sababu mafundisho yalikuwa magumu mno. Walitaka kuona kama Injili imeingia nyumbani kwa mtu: anavyoishi na mkewe, anavyodai deni lake, anavyoishi na jirani yake waliyegombana.

Mwalimu Julius Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alipita njia ya namna hiyo. Alianza kusikia mafundisho ya dini akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi Mwisenge, Musoma, alikoanza masomo mwaka 1934. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Miaka yote hiyo katikati, kilichoonekana kwa nje ni mwanafunzi tu anayesoma, anayeuliza maswali, anayesali. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wake ulifunguliwa na jimbo letu la Musoma mwaka 2005. Mizizi yake ilikua polepole.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Mashahidi wa Uganda. Tunawajua kwa moto wa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Tunaimba, tunaigiza, kila mwaka tunawakumbuka. Tunasahau kilichotangulia ule moto.

Mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari. Wakakaa mbali mpaka katikati ya 1885. Karibu miaka mitatu hakuna padre, hakuna Misa, hakuna Komunyo. Waliobaki walikuwa Wakristo wachache na wakatekumeni, wengi wao vijana waliofanya kazi ikulu. Walifanya nini? Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya wenzake kimyakimya, akawafundisha kusali. Andrea Kaggwa alifanya hivyo nyumbani kwake. Walikumbushana mafundisho, walitunza wagonjwa, walikaa mbali na mabaya ya ikulu. Mapadre waliporudi mwaka 1885 walikuta watu wa sala wameongezeka. Shamba lilikuwa limeota bila wao!

Kwa hiyo siku mfalme Mwanga alipowaita na kuwataka wachague, walishachagua zamani. Karoli Lwanga hakuwa shujaa wa siku moja. Usiku wa mwisho ikulu, alipombatiza Kizito, alikuwa anamaliza kazi ambayo imechukua miezi na miaka ya kukaa pamoja, kuelekezana, kulindana.

Sasa fikiria vigango vyetu. Kuna mahali Tarime na Serengeti Misa ni mara moja kwa mwezi, na mvua ikinyesha sana barabara ikaharibika, inaweza isiwe hata hiyo moja. Katekista ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili. Vijana wengine wanasema, "Sisi huku tumesahaulika, tutakuaje kiroho?" Ndugu yangu, Mashahidi wa Uganda walikua bila padre kwa karibu miaka mitatu. Wewe una Biblia, una jumuiya, una katekista, una siku ishirini na tisa nyingine za mwezi. Hizo ndizo shule yako.

Ndoo ya maji

Nina rafiki tuliyekuwa naye VIWAWA parokiani. Amenipa ruhusa kusimulia habari yake, jina lake naliacha.

Mwaka mmoja, Kwaresima ilipoanza, katekista alitupa vijana kazi. Alisema, "Msiniletee habari za kuacha soda. Kila mmoja achague kazi moja nyumbani ambayo watu wanasema siyo yake, aifanye mpaka Pasaka." Rafiki yangu alichagua kuchota maji na mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Kama unatoka kwetu unajua hilo lina maana gani. Kijana aliyetahiriwa, amekuwa mwanaume, anabeba ndoo kwenda kisimani na wasichana! Walimcheka. Wenzake wa rika moja walimwita majina. Siku za kwanza alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri ili wasimwone.

Njia ya kisimani ni kama nusu saa kwenda. Nusu saa ni ndefu kama hamjazoea kuzungumza. Kaka na dada wale walikuwa wanakula nyumba moja lakini hawajuani. Kidogo kidogo binti akaanza kuongea. Akasema anapenda sayansi. Akasema anataka kuwa muuguzi. Siku moja, wakiwa wamekaribia nyumbani, akasema anaiogopa Desemba. Akanyamaza. Kaka yake naye akanyamaza, hakujua la kusema.

Pasaka ikafika, kazi ya katekista ikaisha. Yeye akaendelea kuchota maji. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa kifupi: "Nilianza kwa sababu ya Kwaresima. Nikaendelea kwa sababu nimemzoea."

Desemba shangazi wakaja, ulezi wa pombe ukaanikwa uani. Yule binti hakumwambia mama, hakumwambia mwalimu, shule ilikuwa imefungwa. Alimwambia kaka yake, tena njiani kisimani, kwa sababu ndipo walipozoea kuongea. Usiku huo wakatoka wawili wakaenda kwa katekista. Asubuhi wakafika polisi, dawati la jinsia na watoto, na binti akapelekwa kwenye nyumba ya hifadhi mpaka shule zilipofunguliwa.

Usifikiri kulikuwa na shangwe. Baba yake aliacha kuzungumza naye. Vijana wa rika lake walisema ameuza ukoo. Kila asubuhi alimwamkia baba, "Shikamoo," na baba alipita kimya. Januari, Februari, Machi. Mwezi wa nne, asubuhi moja, baba akaitikia: "Marahaba." Basi, zaidi ya hapo hapana. Jambo lenyewe hawajalizungumza mpaka leo. Ila binti anasoma.

Wapo watakaouliza: na amri ya nne je, waheshimu baba na mama? Swali zuri. Kuheshimu wazazi si kuwakabidhi mdogo wako kwa wembe. Lakini angalia pia kwamba hakumtukana baba yake, hakuondoka kwa dharau, hakuacha kumwamkia. Kusema hapana na kuendelea kumwamkia, kwa miezi mitatu, bila kujibiwa! Hilo ni gumu kuliko kupiga kelele. Na hilo nalo alijifunza kule kisimani, kwenye kuchekwa na kurudi tena kesho yake.

Ukiniuliza alikuwa mfuasi wa Yesu tangu lini, sitakwambia ile usiku wa Desemba. Nitakwambia tangu ndoo ya kwanza.

Tuanzie wapi?

Sikupi orodha ndefu, maana orodha ndefu zinaishia kwenye daftari. Mambo matano tu.

1. *Injili kabla ya simu.* Dakika kumi asubuhi. Soma somo la siku, chagua neno moja, tembea nalo. Luka 9:23 inatuambia msalaba ni wa kila siku, kwa hiyo na mafunzo yake ni ya kila siku.

2. *Kazi moja isiyokupa sifa.* Iwe nyumbani, iwe jikoni, iwe kwa bibi jirani asiye na mtu. Mvulana, chukua ndoo. Msichana, nawe tafuta ya kwako. Usipige picha ukaweka status.

3. *Ukweli katika pesa ndogo.* Wewe wa bodaboda kutoka Sirari, usimpandishie mgeni nauli kwa sababu hajui. Wewe wakala wa pesa, mteja akizidisha, mrudishie. Wewe unayenunua mahindi kwa debe, debe liwe debe. Na wewe wa mikeka, unajua mwenyewe hela ya ada ya mdogo wako iliishia wapi. Anayeshindwa kusimama mbele ya shilingi elfu mbili atasimamaje mbele ya ukoo mzima?

4. *Jumuiya usiikose.* Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia AMECEA, katika miaka ya 1973 na 1976, waliamua kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo. Walijua kwamba peke yako mkumbo utakubeba. Najua vijana mnasema jumuiya ni ya akina mama. Nenda hivyohivyo. Na ukiwa huko, ulizia jambo la Desemba mapema, mwezi wa tano, mwezi wa sita, kabla ulezi haujaanikwa. Tujue ni nyumba gani ina binti mwenye hofu, na tujue pa kumpeleka. Tarime kuna kituo cha Masanga ambacho kwa miaka mingi kimewapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Mugumu kuna nyumba salama iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa juhudi za wenzetu wa Kanisa Anglikana. Polisi kuna dawati la jinsia. Haya ni mambo ya kuyajua kabla, si usiku wa manane.

5. *Kitubio.* Utaanguka. Utaacha kusali wiki nzima, utacheka pamoja na wanaocheka. Usiseme "basi, mimi siyo wa hivyo." Rudi. Kumbuka Bethsaida: mkono wa pili upo.

Maswali ya kutafakari

Ukiwa peke yako au katika jumuiya, jiulize:

- Ni nani nyumbani kwetu ninayeishi naye lakini simjui?
- Ni jambo gani dogo nalifanya kwa sababu ya mkumbo tu?
- Mwaka huu ukifika Desemba, binti wa ukoo wetu akipata hofu, kuna kitu gani katika maisha yangu kitakachomfanya aje aniambie mimi?

Swali la mwisho kaa nalo. Usilijibu haraka. Kama jibu ni "hakuna," usikate tamaa, maana bado kuna muda wa kuanza. Anza kesho asubuhi.

Tusali

Bwana Yesu, ulimshika mkono kipofu wa Bethsaida ukatembea naye nje ya kijiji. Utushike na sisi vijana wa Tarime na Serengeti. Macho yetu yanaona nusu, utuguse tena. Utufundishe kuwaona dada zetu kama unavyowaona wewe. Utupe uvumilivu wa mkulima, na miguu isiyofuata mkumbo. Uwabariki wazee wetu na wazazi wetu, uwaguse nao kwa wakati wako. Uwalinde wasichana wanaoingoja Desemba kwa hofu. Kwa maombezi ya Mama Bikira Maria, na ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, utujalie kukufuata leo katika jambo dogo, na kesho tena. Amina.

Wiki njema, mpendwa. Na kama kwenu maji ni ya kisimani, tuonane njiani.